Alichokiangalia Nkwabi

Isanjo Machimboni, Geita
Mwezi wa tano, 1996

Mayu,

Minza amekufa. Aliangukiwa na duara. Tumemzika hapahapa Isanjo siku ya Ijumaa, na mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa nakuamkia. Shikamoo Mayu. Miguu inaendeleaje? Ng'ombe wamepata maji huko Rukwa? Wanangu, Kabula na mdogo wake, hawajambo? Mimi nipo. Siumwi. Nakula.

Sayi, mdogo wangu, najua wewe ndiye unamsomea Mama. Soma yote. Usiruke maneno kwa huruma. Kwenye mstari wa kwanza Mama atalia. Mwache alie, halafu uendelee. Nimeandika kwa ajili ya hayo ya mbele.

Mtauliza kwa nini sikuleta habari mapema. Alikufa mwezi wa pili. Watu wa kwetu walipita hapa wakija huko na mifugo, nikawakataza wasiseme kitu. Nilitaka niseme mara moja tu. Niseme amekufa, na niseme ni kwa mkono wa nani. Wakati ule nilikuwa najua nusu.

Duara ni shimo, Mayu. Ndivyo tunavyoliita huku. Linashuka kama kisima, na pembeni tunazuia udongo kwa miti. Hiyo miti ndiyo matimba. Mti ukiwa mbovu, udongo unarudi kwake. Mwanamke haingii kwenye duara, huku ni mwiko. Minza alikuwa anakaa juu na wenzake, chini ya turubai, mbali kabisa, wanaponda mawe kwa nyundo. Wiki ile duara letu lilianza kutoa mawe mazuri. Msimamizi wetu anaitwa Nkwabi. Ni mtu wa Ushirombo. Lishike hilo jina.

Alhamisi Nkwabi akawaambia wanawake wasogee mdomoni. Alisema mawe yasitembee, tunapoteza muda. Wakasogea. Wanaume waliokuwa chini walikuwa wametoka kula. Mdomo wa duara ukashuka. Wenzake Minza wawili waliruka. Yeye alikuwa amekaa kanyoosha miguu, karai liko mapajani. Akaenda na udongo.

Mimi nilikuwa bondeni kwenye mwalo, tunakooshea mchanga. Wakaja kuniita. Tulichimba mpaka jua likawa jekundu. Alitoka na karai lake. Hapo siandiki zaidi.

Makaburini nilimuuliza Nkwabi mbele za watu. Nikamwambia, "Uliona?"

Akasema, "Sikuona kitu, Masele. Matimba yalikuwa mazima. Ni kazi ya Mungu."

Akachota udongo wa kaburi, akaufumba mkononi, akaapa nao. "Sikuona kitu." Nikamwambia sawa. Lakini lile neno nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo. Alisema "sikuona" haraka mno. Kama mtu aliyekuja nalo kutoka nyumbani.

Watu huku wakaanza ya kwao. Walipofukua duara wakakuta mwamba mzuri kuliko ule wa kwanza. Basi ikawa kafara. Nkwabi kamtoa mke wa Masele, ndiyo maana dhahabu imekuja. Wengine walikuwa wanalia na mimi mchana, jioni wanamwogopa yeye, wanampisha njia. Mimi kafara sikuitaka. Ukisema kafara unamwogopa mtu. Mimi nilitaka kumchukia. Nilitaka kujua kitu kidogo tu: aliona au hakuona. Kama hakuona ni mjinga, na mjinga ningempa mkono. Kama aliona akawaita wanawake wakae pale, hiyo ni habari nyingine.

Kwenye duara sikurudi. Nilikuwa nikifika mdomoni narudi nyuma. Wakati huo alikuwepo hapa mwanamke mmoja wa chuo kikuu, mtu mzima, anavaa raba za kiume. Alipangisha ile stoo ya zamani ya pamba. Watu walimwita Dokta wa Macho. Sasa waliposikia Dokta wa Macho wakaja na macho yao. Wenye tongotongo, wenye vumbi, mzee mmoja kaongozwa kwa fimbo kutoka vijiji vya mbali. Dokta akawa anawaambia mpaka sauti ikakauka, sitibu macho, nataka kujua macho yanavyoangalia. Yule mzee akamwambia, "Binti yangu, kama ungeuliza ningekwambia bure. Yangu hayaangalii."

Nikaomba kibarua kwake. Kuwasha jenereta, kubeba maji, kupanga watu foleni. Akanipa. Alijua nimefiwa, hakuniuliza maswali. Hilo nilimpendea.

Kazi yake ni hii. Anatengeneza picha za tahadhari za kubandika machimboni, kwa ajili ya watu kama sisi ambao kusoma ni kwa shida. Anataka kujua mtu akiwekewa picha, jicho linaanza wapi, linakaa wapi, na kitu gani halikioni kabisa ingawa kipo mbele yake. Unavalishwa kofia inayobana. Pembeni ya jicho kuna kioo kidogo na kamera ndogo inayoangalia jicho lako. Kidevu unaweka juu ya ubao usitikisike. Kwanza unaonyeshwa nukta, moja moja, mpaka mashine ilizoee jicho lako. Halafu zinakuja picha kwenye televisheni. Upande wa Dokta kuna televisheni nyingine yenye picha ileile, na juu yake kuna alama nyeupe kama ile ya kujumlisha tuliyofundishwa shule. Jicho lako likienda, alama inaenda. Yote inaingia kwenye kanda ya video.

Mayu, mimi nilidhani jicho linapita kwenye kitu kama mkono unavyopita kwenye nguo. Si kweli. Linaruka kama panzi. Linatua, linaruka, linatua. Na mwenyewe hujui. Ukiulizwa uliangalia nini, unasema uongo na huku unadhani unasema kweli.

Siku za kwanza mlango ulikuwa wazi, watu wanachungulia. Akaja mchimbaji mmoja, Shija, mtu wa mdomo. Aliwekewa picha ya barabara ya mnadani, pana kibao kikubwa cha hatari. Alipomaliza akasema, mimi kibao nimekiona cha kwanza kabisa. Wenzake waliokuwa wanachungulia wakaanguka kwa kicheko. Ile alama ilitua kwa muuza nyama choma ikakaa hapohapo, ikaenda kidogo kwa mwanamke aliyeinama, ikarudi kwenye nyama. Mpaka leo wanamwita Mzee wa Mishkaki. Dokta akafunga mlango. Akasema mtu akijua anatazamwa, jicho lake halitulii, kazi inaharibika.

Kuna bibi anauza togwa hapa, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Alikataa kofia. Alinishika mkono akaniambia, "Masele, mwambie mama yule macho yangu yana moshi. Hayana kitu kingine." Wewe unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anaogopa nini. Dokta alikuja mwenyewe, akakaa chini naye, akanywa togwa, akamwambia mashine haijui mchawi, haijui moyo, inajua jicho limeelekea wapi basi. Bibi alikubali kwa mdomo. Lakini foleni nzima ilisikia neno mchawi, na kuanzia siku ile watu wengi wakaamini ile mashine inafichua wachawi. Dokta alikana. Alivyozidi kukana wakazidi kuamini.

Sasa sikiliza, Sayi, soma polepole.

Kabla ya kuanza kazi yake Dokta alikuwa amezunguka na kamera, anapiga picha maduara yote. La kwetu alilipiga Jumanne. Jumanne ya wiki ileile. Siku ninawasha jenereta namsaidia kupanga, ile picha ikaja kwenye televisheni. Minza yupo. Amekaa kule mbali na wenzake, kageukia kamera, mkono mmoja juu ya macho anakinga jua. Kule mbele ni mdomo wa duara na matimba yake, nusu kwenye mwanga, nusu kwenye giza.

Dokta hakuwa anajua kuwa ndiye. Nilipomwambia alitaka kuiondoa. Nikamwambia iache. Nikamwomba anivalishe mimi kofia. Alikataa, halafu akakubali. Baadaye akanionyesha kanda yangu. Jicho langu lilienda kwa Minza likakaa. Halikwenda popote. Mpaka picha ikabadilika.

Akaniambia hiyo si mimi peke yangu. Watu wote jicho linakimbilia uso. Ukiweka uso kwenye picha, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, jicho linaufuata kabla mtu hajaamua. Hakuna anayeweza kulizuia. Nimeziona kanda nyingi, nikiwa nazirudisha nyuma. Ile picha ya duara letu, wote wanaanza kwa Minza au kwa wenzake. Halafu viroba vya mawe. Halafu nyundo. Pale kwenye giza la matimba hakuna aliyekwenda. Na mimi nilikuwa sijui kama pana kitu.

Akaja Mzee Lukas. Huyu ni fundi wa matimba, amefunga miti kwenye maduara tangu wengine hatujazaliwa. Siku ile alikuwa na haraka, hataki hata kuvua koti. Picha ya duara letu ilipokuja, alama ikagusa nyuso, ikaruka ikatua gizani, mti wa tatu kutoka juu, ikang'ang'ania. Dokta akasogea. Akamuuliza hapo pana nini, mzee. Mzee Lukas akasema, "Mti umepasuka, mama. Watu wanafanya kazi hapa?"

Nikazima jenereta. Mkono wenyewe ulizima. Dokta akauliza kuna nini, nikamwambia mafuta.

Ufa wenyewe ni mstari mwembamba, ukishaonyeshwa unauona, usipoonyeshwa huuoni. Basi nikajua. Jumanne mti ulikuwa umepasuka. Alhamisi ukavunjika. Bado sikujua jambo langu lile dogo. Nkwabi aliapa hakuona.

Mayu, hapa nilimtega. Nakwambia wazi. Watu walipokuwa wananiuliza, Masele wewe unafanya kazi na ile mashine, ni kweli inafichua wachawi? Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikuwa nasema, ajabu Nkwabi hajaja kuvaa. Basi. Nikamwambia huyu kilabuni, nikamwambia yule kisimani. Neno lilimfikia kabla ya juma kwisha. Wenzake wa kilabu wakaanza kumtania, "Nkwabi, unaogopa kofia?" Wanawake wakawa wanabeba watoto wao akipita. Mke wake akasutwa kisimani. Na mtu wa kafara huku kwetu anajua mwisho wake, anaweza kuamka nyumba inawaka.

Akaja mwenyewe, mchana, na watu nyuma yake, kajaa kifua. Akamwambia Dokta anataka kuvaa kofia mbele ya watu wote ili wanaomzushia uchawi wanyamaze. Dokta akamwambia mashine haioni uchawi. Akamwambia mara mbili. Akamwambia tena kwamba kwenye picha zake ipo ya duara lao na marehemu yumo, na kwamba akitaka ataiondoa. Nkwabi akageuka kwa watu akasema, "Mmesikia? Ziwekwe zote. Fungueni mlango. Geuzeni televisheni watu waone jicho langu ni safi."

Dokta aliniangalia. Nilikuwa nimeshika kamba ya jenereta. Nikavuta.

Stoo ilijaa. Wengine walipanda madirishani. Mzee Lukas alikuwa mlangoni. Nkwabi akavaa, akaweka kidevu kwenye ubao, akafuata nukta vizuri kama mtoto wa shule. Picha ya mnadani ikapita, jicho lake likaenda kwa nyuso kama la kila mtu. Picha ya ng'ombe. Picha ya magari. Watu wakaanza kuchoka, wakawa wanasema mbona haumwi, mbona hapigi kelele.

Ikaja ya duara letu.

Alama haikugusa Minza. Haikugusa hata mwenzake mmoja. Iliruka moja kwa moja mpaka gizani, mti wa tatu kutoka juu. Ikatoka. Ikaenda mbinguni, pale kwenye picha hakuna kitu, ni mawingu. Ikarudi kwenye mti. Ikaenda kwenye viroba. Ikarudi kwenye mti. Watu hawakuelewa, walikuwa wanasubiri jicho liwe jekundu au nini. Mimi nilielewa. Na Mzee Lukas alielewa.

Mzee Lukas akauliza kwa upole tu, kama fundi anamuuliza mwenzake kazini. "Nkwabi, unaangalia nini hapo gizani?"

Na yeye kidevu kiko kwenye ubao, mawazo yako kwenye uchawi, akajibu kama mtu aliyeulizwa habari za kazi.

"Ule mti. Nilisema nitaubadilisha Jumamosi."

Nikasogea mbele.

Nikasema, "Minza alikufa Alhamisi."

Akaanza kuvua ile kofia, mkanda ukamshika shingoni, akawa anahangaika nao na hakuna aliyemsaidia. Dokta ndiye alimfungua. Akasema kubadilisha mti ni kusimamisha kazi, na duara lilikuwa ndiyo limeanza kutoa. Akasema alidhani utashika mpaka mwisho wa wiki. Akasema kila msimamizi anafanya hivyo. Hilo la mwisho ni kweli, Mayu. Lakini si kila msimamizi aliwaita wanawake wakae juu ya mti uliopasuka.

Kuna waliotaka kumchoma palepale. Wazee wa sungusungu wakamchukua, wakaita baraza uwanjani. Wengi bado walikuwa wanasema kafara. Nikasimama. Nikasema si mchawi. Mchawi angekuwa na sababu. Huyu alimwona mke wangu na akauona mti, akaona bora mawe. Wakaniuliza nataka nini, maana damu ni yangu. Wengine walishatafuta kamba. Nikasema sitaki afe. Akifa ataenda alipo Minza, na mimi nibaki huku. Nikasema mtengeni.

Kutengwa unakujua. Hapewi moto, hachoti maji na watu, hasalimiwi, akifiwa anazika mwenyewe. Mimi nikaongeza moja. Nikasema asitazamwe. Akipita watu watazame pengine, hata akianguka. Shija akacheka, akasema ndugu yangu, macho hayana breki. Nikamwambia wewe kaangalie nyama. Baraza likacheka, halafu likakubali. Mwenye duara akamvua usimamizi siku ileile.

Juzi juzi Nkwabi alileta ng'ombe. Dume jeusi, zuri. Desturi ni ileile ya nyumbani: ng'ombe anachinjwa, aliyekosewa anakula kipande cha kwanza, yamekwisha, mtu anarudi kwa watu. Na asipokula yeye, hali mtu. Wazee walikaa. Ini likabanikwa, wakaniletea kwenye sahani. Nilikiangalia kile kipande. Watu wote walikuwa na njaa. Nikairudisha sahani chini.

Sijala, Mayu.

Nyama ililala pale mpaka mbwa wakaja.

Hawezi kukimbia. Neno la baraza linatembea kuliko basi. Maganzo wanajua, Mwakitolyo wanajua, kwao Ushirombo wanajua. Anakaa hapa anasubiri siku nitakayokula. Anakaa kwenye kijumba chake njiani, pale tunapopita kwenda kazini.

Mke wake alikuja kwangu. Yeye hakutengwa, nilisema asiguswe. Alipiga magoti nikamwinua. Akaniambia, "Shemeji, sikuombi ule. Mwangalie tu. Jana nimemkuta anamsalimia mbuzi."

Nikamwambia, "Mwambie aangalie mti."

Akaondoka analia. Nilikwenda kuchota maji.

Najua utasema nini. Utasema nile. Utasema baba yangu alikula kwa mtu aliyemvunja mkono. Mkono uliunga. Usitume mtu kuniomba. Akija mjomba nitampokea, nitamchinjia kuku, lakini akifungua mdomo kuhusu Nkwabi atalala njaa kama wengine.

Dokta ameondoka. Hakuwa na raha. Siku ya mwisho tunafunga masanduku aliniambia ile mashine haikusema kwamba yule mtu ana hatia, ilionyesha jicho tu, na kwamba hakuileta huku kwa kazi hiyo. Akasema ile kanda ya Nkwabi hataitumia. Nikamwambia najua. Nikamwambia aliyesema ni Nkwabi mwenyewe, mashine ilimshika kidevu tu. Hakucheka. Akanisafishia ile picha ya duara, akanipa. Akasema kwenye picha zake mpya za tahadhari ataweka uso wa mtu karibu na mti uliopasuka, ili jicho likikimbilia uso liukute mti. Hiyo ni kazi nzuri. Ingekuwepo mapema.

Picha nimeitia humu. Sayi, mshikie Mama karibu na mlango penye mwanga. Mayu, jicho lako litaenda kwa Minza. Liache likae. Ni yeye, na ile ni kanga uliyompa wewe. Ukimaliza, litoe pale, lipeleke kulia kwenye giza, mti wa tatu kutoka juu. Umeuona? Ndiyo huo.

Kabula mwambie wewe. Mimi sijui kumwambia mtoto. Mwambie mama yake amekufa na amezikwa vizuri, nimepanda mnyaa kichwani na miguuni pa kaburi. Jina la Nkwabi mwambie akishakuwa mkubwa. Na picha mtunzie. Najua watu watataka kuikata wabaki na uso wa Minza peke yake wauweke kwenye fremu. Msikate. Iwe nzima, mti uonekane.

Msalimie baba mkubwa anayechunga, mwambie wale ndama asiuze kwa ajili ya msiba, msiba umeshapita. Msalimie shangazi mkunga aliyemzalisha Kabula. Kwa wazazi wa Minza nitakwenda mwenyewe mvua zikikata, wasisikie barabarani. Mwalimu wa ngumbaru aliyenisukuma nikaweza kuandika, mpe wabeja, asante yangu, mwambie imefaa.

Mwenye duara amenipa kazi ya kukagua matimba. Kila asubuhi kabla mtu hajashuka nashuka mimi, nagonga mti mmoja mmoja, nasikiliza. Nimekubali. Nikifika mdomoni sirudi nyuma tena. Leo nimekaa kuandika barua hii, nimeomba ruhusa.

Nkwabi amejua saa ninayopita. Anasimama nje ya kijumba chake, uso kaugeuza njiani, mahali ambapo jicho langu lazima litue. Anangoja litue mara moja tu. Dokta alisema hakuna mtu anayeweza kulizuia jicho lisiende kwenye uso. Mwanzoni liliruka, ilibidi nitazame chini kama mwizi. Sasa nimelifundisha. Kuanzia kona ile yanaonekana matimba ya duara letu, mapya, meupe. Naangalia mti wa tatu kutoka juu. Naangalia huo mpaka nimempita, na nyuma yangu nasikia anakohoa ili nigeuke.

Kesho narudi kazini.

Mwanao,
Masele